Sala Zinapokauka Mdomoni: Je, ni Roho au ni Mwili?



Wapenzi wasomaji, ukurasa wetu wa afya umezoea kuwaletea habari za malaria, za lishe ya watoto na za maji ya kunywa. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie, maana tutagusa jambo ambalo wengi watasema ni la Padre na si la zahanati. Lakini mimi niliyevaa gauni la uuguzi kwa miaka mingi naweza kuwaambia kwamba jambo hili hufika zahanati karibu kila wiki. Mama anakuja, anasema kichwa kinamuuma, mgongo unamuuma, usiku halali. Anapimwa malaria, hana. Anapewa vidonge vya kutuliza maumivu. Akishafika mlangoni, mkono umeshika kitasa, anageuka na kusema kwa sauti ndogo: "Halafu sista, siku hizi hata kusali siwezi. Naona kama nasema na ukuta."

Neno hilo la mlangoni ndilo lililomleta. Yaliyotangulia yalikuwa hodi tu.

Walimu wa sala wanaiita hali hii ukavu wa kiroho. Mtu anasali lakini haonji kitu. Rozari inapita vidoleni kama mahindi anayopukuchua. Wimbo wa komunyo uliokuwa ukimtoa machozi sasa unampita kama kelele za barabarani. Anapokea Ekaristi Takatifu na kurudi kwenye benchi kama mtu aliyetoka dukani. Tena mara nyingi anaona aibu kulisema, kwa kuwa labda yeye ni mwenyekiti wa jumuiya, au ni WAWATA, au ni katekista anayewafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza jinsi Yesu alivyo karibu nao.

Hapa Olasiti tuna sababu yetu ya pekee ya kulizungumzia jambo hili, nami nitaanzia hapo.

YALIYOTUPATA MWAKA 2013

Jumapili tarehe 5 Mei 2013, siku 4 tu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, waamini walikusanyika hapa Olasiti kwa ajili ya uzinduzi wa kanisa la parokia lenye jina la mtakatifu huyo. Alikuwepo aliyekuwa Balozi wa Baba Mtakatifu nchini, Askofu Mkuu Francisco Montecillo Padilla, pamoja na Askofu Mkuu wetu wa wakati ule, Josaphat Lebulu. Watu walivaa nguo za sikukuu. Bomu likarushwa katikati ya umati. Watu 3 walipoteza maisha na zaidi ya 60 walijeruhiwa.

Sitasimulia habari za mtu mmoja mmoja. Wenye majeraha wapo, wenye makaburi wapo, na si haki kuwafukulia majonzi yao ili kujaza ukurasa. Ila nitasema jambo moja la kitabibu ambalo naona halisemwi vya kutosha katika jumuiya zetu.

Ndani ya ubongo wa binadamu kuna sehemu ndogo, kiasi cha haragwe kubwa, ambayo kazi yake ni ulinzi. Mlinzi huyu hajui kusoma wala hajui kalenda. Linapotokea jambo la kutisha anakariri kila kilichokuwepo pale: sauti, harufu, mwanga, rangi za nguo. Kisha siku yoyote akikutana tena na kimojawapo anapiga kengele ya hatari kabla mwenye mwili hajapata nafasi ya kufikiri. Ndiyo maana mtu aliyegongwa na pikipiki hushtuka kwa muungurumo tu, hata kama pikipiki yenyewe imeegeshwa.

Sasa mtu aliyetishwa kanisani, mlinzi wake amekariri nini? Amekariri kengele. Amekariri kwaya ikianza, maandamano ya kuingia, harufu ya ubani, watu wengi waliobanana wakiwa wamependeza. Kwa hiyo Jumapili nyingine mtu huyo anaoga, anavaa, anashika kitabu cha nyimbo, na akifika karibu na kanisa moyo unaanza kwenda mbio, viganja vinatoka jasho, miguu inakuwa mizito. Anarudi nyumbani. Wiki inayofuata anasema ana mafua. Jirani wanaanza kunong'ona kwamba fulani amepoa imani, na lililo baya zaidi, yeye mwenyewe anaanza kuamini hivyo. Kumbe mwili wake unafanya kazi ileile ya ulinzi ambayo Mungu aliuumbia, ila unaifanya mahali pasipohitajika.

Huo ndio ubaya wa pekee wa shambulio linalofanyika mahali pa ibada. Mtu aliyeumizwa sokoni anaweza kwenda kanisani kutuliza moyo. Aliyeumizwa kanisani aende wapi?

Kuna la pili. Mwili uliotishwa mno hujikinga kwa kufa ganzi. Nanyi mliowahi kung'olewa jino mnajua jinsi ganzi ilivyo: sindano imechomwa kwa ajili ya jino moja, lakini mdomo mzima na ulimi navyo vimelala, na chai ukinywa huionji sukari. Ganzi ya moyo ni hivyo hivyo. Imekuja kuzuia hofu na uchungu, lakini inazuia pia furaha ya mtoto anapocheka, hamu ya chakula, upendo wa ndoa, na utamu wa sala. Mtu anasema, "Mungu ameniacha." Mganga angesema kwamba ganzi bado haijaisha.

Katika wiki za kwanza baada ya tukio, hali hizi ni za kawaida na kwa watu wengi hupungua zenyewe. Zikiendelea zaidi ya mwezi mmoja, yaani ndoto za kutisha, kushtuka-shtuka, kukwepa mahali na ganzi ya moyo, huo ni ugonjwa unaojulikana na una matibabu. Zinaweza pia kurudi kila mwaka tarehe ile inapokaribia. Mwezi wa Mei una uzito wake katika mkoa wetu: tarehe 6 Mei 2017 basi la wanafunzi liliingia korongoni huko Karatu, wakafariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Wazazi wengi wa Arusha, hata wasiofiwa, walikosa usingizi mwezi ule. Wala si lazima msiba uwe wa kutangazwa redioni. Mimba iliyoharibika, mume aliyeondoka, shamba lililouzwa, mtoto aliyepotelea mjini, vyote vyaweza kumkausha mtu.

SOMO WA KANISA KUU LETU

Kanisa Kuu la Jimbo letu limewekwa chini ya Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu. Tunamwona pichani ameshika mawaridi, anatabasamu, nasi tunadhani maisha yake yalikuwa mawaridi matupu. Ukweli ni mwingine, na unauhusu sana ukurasa huu.

Theresia alizaliwa Ufaransa mwaka 1873, akaingia utawani akiwa na umri wa miaka 15. Wiki Takatifu ya mwaka 1896 alitema damu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa kifua kikuu. Katika siku zilezile za Pasaka roho yake iliingia gizani. Yeye ambaye mbingu ilikuwa dhahiri kwake kama nyumba ya jirani, sasa aliona kama kuna ukuta mrefu mbele yake, na sauti ya dhihaka ikimwambia kwamba baada ya kifo hakuna kitu. Giza hilo halikumwondoka hadi alipofariki tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na umri wa miaka 24. Miaka ile dawa ya kifua kikuu haikuwepo. Aliumwa mno, akakosa hewa, akakosa usingizi.

Katika miezi ile ya mwisho aliwaonya waliokuwa wakimwuguza wasiache dawa zenye sumu karibu na mgonjwa mwenye maumivu makali. Alikiri kwamba bila imani yeye mwenyewe angeweza kujiua. Wapenzi wasomaji, someni tena sentensi hiyo. Ni maneno ya mtakatifu, Mwalimu wa Kanisa, tena somo wetu. Basi mwanao au mkeo au baba yako mzee akikwambia kwamba amechoka kuishi, usimkaripie kuwa ametenda dhambi kwa kuliwaza hilo. Msikilize. Halafu fanya alivyoshauri Theresia: ondoa sumu nyumbani. Hapa kwetu kila mwenye bustani ya nyanya ana chupa ya dawa ya wadudu chini ya kitanda, na duka la jirani linauza sumu ya panya. Vifungiwe, au vipelekwe kwa mtu mwingine hadi mgonjwa apone. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo, si baada ya novena.

Nimewahi kuulizwa: kumwuliza mgonjwa kama anafikiri kujiua, si kumpa wazo? Hapana. Kuulizwa kwa upole humpunguzia mzigo aliokuwa ameubeba peke yake.

KUTOFAUTISHA

Tunajuaje basi kwamba ukavu ni wa roho au ni wa mwili? Mtakatifu Yohane wa Msalaba, aliyefungwa na watawa wenzake huko Toledo, Hispania, kuanzia Desemba 1577 hadi Agosti 1578, na ambaye ndiye mwalimu mkuu wa mambo ya usiku wa roho, alilitambua swali hili zaidi ya miaka 400 iliyopita. Aliandika wazi kwamba wakati mwingine ukavu hautokani na Mungu, bali na ugonjwa wa huzuni ulio mwilini, na kwamba mara nyingine hutokana na uvivu wetu wenyewe. Hakuona aibu kuutaja ugonjwa, na sisi tusione.

Ukavu utokanao na uvivu au dhambi una alama ya kwamba mtu hajali. Ameacha sala, na hajaikosa. Ana ugomvi wa mpaka na nduguye, ana nyumba ndogo, ana fedha ya kikundi aliyoila, na hataki kuguswa hapo. Dawa yake inajulikana, nayo ni Sakramenti ya Kitubio na kurudisha fedha ya watu. Nisiendelee.

Ukavu ambao Mungu anamkuza nao mtu una alama nyingine. Mtu haonji utamu, lakini anajali sana, anahangaika kwamba labda anamkosea Mungu. Wakati huohuo kazi zake zinaendelea, anacheka na wenzake, analala, anakula, na wengine wanafaidika naye. Mama Teresa wa Kalkuta alikuwa hivyo. Barua zake zilizochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, ziliushangaza ulimwengu, maana zilionyesha kwamba kwa karibu miaka 50 hakuwa akionja uwepo wa Mungu, naye huku anaokota wagonjwa barabarani na kusimamia shirika zima. Ila nina ombi: tusimtumie Mama Teresa kama fimbo. Nimesikia mgonjwa asiyeweza hata kuoga akiambiwa, "Mbona Mama Teresa alivumilia?" Mama Teresa aliweza kuamka alfajiri kila siku kufanya kazi. Huyu hawezi kuinuka kitandani. Hali hizi mbili hazifanani.

Ugonjwa wa huzuni, ambao siku hizi waganga wanauita sonona, hauchagui sala peke yake. Unakausha kila kitu. Mtu hana hamu ya kanisa, lakini pia hana hamu ya chakula, ya mifugo yake, ya mpira, ya wajukuu. Anaamka saa 9 usiku na hapati tena usingizi, au analala mchana kutwa. Anajiona hafai, anajilaumu kwa mambo ya miaka 20 iliyopita. Anaungama dhambi ileile kila wiki na hapati amani. Hali hiyo ikidumu karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, aende akaonwe na mganga. Inawezekana pia mtu akawa na yote mawili, usiku wa roho na ugonjwa wa mwili, kama Theresia. Basi atibiwe mwili na Padre amsindikize roho, hakuna ugomvi kati yao.

Tena kuna magonjwa ya mwili yanayojificha ndani ya vazi la huzuni. Upungufu wa damu ni mojawapo, hasa kwa akina mama. Jingine ni tezi la shingo lisilofanya kazi vizuri, linalomfanya mtu kuwa mzito, msahaulifu, mwenye kusikia baridi wakati wenzake wanasikia joto. Mama aliyejifungua karibuni aweza kupata huzuni nzito, akaona hata mtoto wake ni mgeni kwake. Pombe nayo: mtu anakunywa ili alale, na pombe hiyohiyo ndiyo inayomharibia usingizi na kumwongezea majonzi kesho yake.

Nitaje na yangu. Mwaka ule nilipomzika mama yangu nilikauka kwa miezi kama 8. Kiongozi mmoja wa kikundi cha sala aliniambia nina dhambi niliyoificha. Nikaungama mara 3 katika mwezi mmoja, nikiichambua dhamiri yangu kama mchele, nikitafuta jiwe nisilolipata. Nikafunga pia, kila Jumatano na Ijumaa, nikazidi kulegea. Ni Padre mzee aliyeniuliza swali ambalo mimi muuguzi sikuwa nimejiuliza: "Unakula? Unalala? Umepima damu?" Nilikuwa na damu 7, wakati mwanamke anatakiwa kuwa na 12 au zaidi. Nilipewa vidonge vya madini ya chuma, nikaambiwa nile maharage, mboga za majani na nyama nikiweza, na nikatazwa kufunga. Huzuni ya mama yangu haikuondoka kwa vidonge, wala haikupaswa kuondoka. Lakini nilipata nguvu ya kumlilia Mungu nikiwa nimepiga magoti, badala ya kulala nikitazama bati.

Kuhusu kufunga, ni vizuri familia zikumbuke kwamba sheria ya Kanisa haimlazimishi mgonjwa. Na mtu aliyekwisha kuishiwa nguvu asitwishwe mfungo na mtu yeyote kwa jina la kumwombea.

MKATE NA USINGIZI

Soma nyumbani kwako Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii Eliya amekimbia, amekaa chini ya mti jangwani, anaomba afe. Malaika alipokuja hakumhubiria, hakumkemea kwa imani haba. Alimpa mkate uliookwa na maji, akamwacha alale. Akamwamsha, akampa tena chakula. Ni baada ya kula mara mbili na kulala ndipo Eliya alipotembea siku 40 hadi mlima wa Mungu, na huko akamsikia katika sauti ndogo ya utulivu. Mimi naona malaika yule alikuwa muuguzi mzuri.

Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa, anzeni na chakula na usingizi. Alale saa ileile kila siku. Chai na kahawa zisimame kuanzia alasiri. Simu itolewe chumbani. Atembee kidogo kila siku, hata kama ni kwenda tu hadi barabara kuu ya Dodoma na kurudi, mlima Meru ukiwa wazi asubuhi mbele yake. Apewe kazi ndogo inayokwisha, kama kuchambua mboga au kumwagilia mche mmoja. Asiulizwe kila saa, "Unajisikiaje sasa?"

Aliyepatwa na mshtuko asilazimishwe kusimulia tukio. Zamani tulidhani lazima atapike yote siku ileile. Sasa tunajua kumlazimisha kwaweza kumdhuru. Akitaka kusema, asikilizwe. Akinyamaza, aketiwe. Watoto nao watazamwe: mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani aweza kuanza tena, au akacheza mchezo wa tukio lile kila siku. Asipigwe.

Kurudi kanisani baada ya hofu kufanyike polepole, kama mtu anayejifunza kutembea baada ya kutolewa plasta mguuni. Wiki ya kwanza aende siku ya kazi, kanisa likiwa tupu, akae dakika chache na mtu anayemwamini. Akizoea, aende Misa ya asubuhi yenye watu wachache, akae nyuma karibu na mlango, akijua anaweza kutoka wakati wowote bila kutazamwa. Jumapili ya umati ije mwisho. Katika muda huo Padre anaweza kuombwa amletee Komunyo nyumbani. Kengele ya hatari ikilia mwilini, akanyage chini kwa nyayo zote mbili, ataje moyoni vitu 5 anavyoviona, avute pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi. Wakristo wa Mashariki wana desturi ya zamani ya kulitaja jina la Yesu pamoja na pumzi, nayo inafaa sana hapo.

Sala zenyewe ziwe fupi. Asiyeweza rozari nzima asali fungu moja. Asiyeweza fungu aseme Salamu Maria moja. Asiyeweza hata hiyo, ashike tu rozari mkononi alale nayo. Zaburi ya 88 imeandikwa kwa ajili ya watu wa namna hii; inaanza kwa kilio na inaisha gizani, bila kupakwa sukari, na Kanisa huisali katika sala ya usiku. Na jumuiya isimngoje afike. Katika Injili ya Marko, sura ya 2, mtu aliyepooza hakusema neno. Wanne walimbeba, wakatoboa dari, naye Yesu aliitazama imani yao. Jumuiya ikienda kwa mgonjwa isali Baba Yetu, inywe chai, iondoke. Mahubiri ya saa nzima yanamchosha.

DAWA

Hospitali za mikoa, pamoja na Mount Meru yetu, si za mikono na miguu iliyovunjika tu. Magonjwa ya huzuni na ya mshtuko nayo yanapelekwa huko. Matibabu ya kwanza ni mazungumzo na mtu aliyesomea kazi hiyo. Mara nyingine huongezwa dawa, kama fluoksetini au amitriptilini. Wengi huziacha baada ya siku 4 wakisema hazifai, lakini dawa hizi huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha kazi yake, na haziachwi ghafla mtu anapoanza kujisikia vizuri. Hazimfanyi mtu kuwa mtumwa wake kama wengi wanavyoogopa. Zinazoweza kufanya hivyo ni vidonge vya usingizi kama valiamu, ambavyo watu hununua dukani na kugawiana msibani. Mwaka huohuo wa 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba dawa za namna hiyo zisitolewe kwa waliofiwa au waliopatwa na mshtuko katika mwezi wa kwanza, maana zinaweza kuchelewesha kupona. Tafadhali tuache desturi hiyo.

Na kama unaona vibaya kwenda kwa mganga wa akili, mkumbuke Mtakatifu Ignasi wa Loyola. Mwaka 1521 risasi ya mzinga ilimvunja mguu huko Pamplona. Mwaka uliofuata, akiwa Manresa, aliingia giza zito hata akashawishika kujiua, nako huko alijidhoofisha kwa kufunga kupita kiasi. Baadaye aliwakataza wenzake kujitesa kama alivyofanya yeye, na aliwaachia shauri ambalo nimewapa wagonjwa wengi: wakati wa ukiwa usibadili uamuzi mkubwa uliouweka wakati wa amani. Usiache ndoa mwezi huu. Usiache utawa, usiuze ng'ombe, usijiuzulu ukatekista. Ngoja.

Swali la mwisho ni lile ninaloulizwa zaidi ya yote: "Je, nipokee Komunyo wakati sisikii kitu chochote moyoni?" Nilimpelekea Padre, naye alinijibu kwa kuniuliza kama mgonjwa asiyeonja chakula tunamnyima uji. Tunampa, kidogo kidogo, kwa kijiko.